Mtoto Asiyetulia na Majani ya Nyambene

Desemba 1902, Richard Meinertzhagen, afisa kijana wa jeshi la Waingereza, alijenga boma chini ya kilima cha Nyeri, Mlima Kenya ukiwa upande mmoja na milima ya Nyandarua upande wa pili. Alifika huko kwa bunduki, na watu wa Tetu waliikumbuka safari yake kwa vifo ilivyoacha. Mji wa Nyeri ulianzia kwenye boma hilo.

Miezi tisa kabla, Machi 1902, daktari wa watoto aitwaye George Still alikuwa amesimama mbele ya madaktari wenzake jijini London kutoa mihadhara mitatu kuhusu watoto wapatao 40 waliokuwa wamemtatiza. Wengi akili zao zilikuwa timamu, ila hawakuweza kutulia. Kazi waliianza, hawakuimaliza. Hasira ziliwapanda upesi. Adhabu haikuwasaidia: mtoto alichapwa asubuhi, na kabla ya saa sita akawa amelirudia kosa lilelile. Lugha aliyotumia Still ilikuwa ya zama zake, aliongea juu ya kasoro ya kujitawala kimaadili, lakini aliona jambo ambalo wengi hawajaliona hadi leo. Aliona kwamba hawa si watoto wasiolelewa vizuri, na kwamba chanzo cha tabia yao kiko mwilini.

Boma la Nyeri na mihadhara ya London havikuwa na uhusiano wowote wakati huo. Nimeviweka pamoja kwa sababu vilikuja kukutana kwenye dawati langu, katika shule ya msingi ya mashambani huko Nyeri, miaka zaidi ya themanini baadaye.

Jirani yangu wa dawati, darasa la nne, alikuwa na penseli iliyotafunwa mpaka rangi ikaisha. Hesabu alizijua. Ukimuuliza saba mara nane njiani, akikimbiza gurudumu la baiskeli, alikujibu bila kusimama. Lakini akipewa hesabu kumi za aina hiyohiyo daftarini, alizifanya tatu, ya nne akaikatiza katikati, macho yakawa dirishani yakimfuata kunguru juu ya paa la choo. Mguu wake wa kulia ulitikisika chini ya dawati mchana kutwa, na wino wangu ukatikisika nao. Walimu walimpa majina yote: mtundu, mtukutu, kichwa maji, mkia wa darasa. Alitumwa mwenyewe akakate fimbo ya kuchapiwa, na mara mbili tatu alirudi bila fimbo kwa kuwa njiani alikutana na kitu kingine akasahau alichotumwa. Kusahau huko kulihesabiwa ujeuri, akaongezewa viboko.

Nitarudi kwake. Kwanza inabidi tuuzunguke mlima, maana upande wa pili wake ndiko yalikokuwa yakiota, miaka yote hiyo, majani yenye kufanya kazi ileile ambayo dawa ya mtoto kama yeye hufanya ubongoni.

Ukitoka Nyeri ukapita Nanyuki na Timau, ukateremka hadi Meru na kukwea tena kuelekea Maua, unaingia katika vilima vya Nyambene, nchi ya Igembe na Tigania. Huko kuna miraa mikongwe iitwayo mbaine, yenye mashina yaliyojaa vifundo kwa kuchumwa kizazi baada ya kizazi. Wazungu waliupa mmea huo jina la kisayansi, Catha edulis, kutokana na maandishi ya Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea aliyefia Yemen mwaka 1763 kabla hata kazi yake haijachapishwa. Mwenzake Carsten Niebuhr aliichapisha mwaka 1775. Wameru hawakumngojea Forsskål.

Linalonivutia katika historia ya zamani ya miraa ni kipimo. Kwa mila, kutafuna kulikuwa haki ya wazee. Kijana hakujichumia akajitafunia apendavyo. Miraa ilikuwa na mahali pake: baraza la wazee lililokesha likiamua kesi, mapatano baina ya koo, posa. Bunda maalumu lililofungwa kwa ustadi, ncoolo, lilipelekwa kwa wazazi wa msichana, na kulipokea kulikuwa neno zito kuliko maneno ya kinywa. Nani atafune, lini, mbele ya nani, yote yalijulikana. Kichangamshi kilikuwepo na mipaka yake ilikuwepo.

Kilichomo ndani ya majani hayo kilijulikana kwa hakika mwaka 1975, wanasayansi wa maabara ya Umoja wa Mataifa walipotenga kemikali waliyoiita kathinoni. Kwa umbo ni ndugu wa karibu wa amfetamini. Huuchochea ubongo utoe dopamini kwa wingi, na hapo mtu hukesha, huongea, njaa humwisha, hujiona anaweza. Ina kasoro moja ambayo imeendesha historia nzima ya barabara za Meru. Tawi likishakatwa, kathinoni huanza kugeuka kuwa kathini, ambayo ni hafifu mno, na baada ya siku mbili hivi mnunuzi huwa anatafuna majani matupu. Ndiyo sababu miraa hufungwa kwa majani ya mgomba ili isinyauke, na ndiyo sababu pikapu za Maua hushuka kuelekea Nairobi na uwanja wa ndege wa Wilson kwa mwendo unaowafanya akina mama wa Embu na Sagana wavute watoto wao pembeni mwa lami. Watu husema madereva hao wana wazimu. Wanashindana na kemia, na roho za watu zinalipia.

Serikali ya kikoloni ilijaribu kuidhibiti. Maafisa wa mpaka wa kaskazini, Isiolo na kwingineko, walilalamika kwamba wafugaji na askari wanapoteza mali na afya kwa miraa, na kuanzia sheria ya mwaka 1945 kukawa na marufuku upande wa kaskazini na vibali upande wa Meru. Matokeo yalikuwa magendo. Marufuku ilipandisha bei, bei ikawavuta wasafirishaji, wasafirishaji wakajua njia za usiku. Hadi uhuru unakaribia, juhudi hizo zilikuwa zimekwisha nguvu. Aden nako Waingereza walipiga marufuku mwaka 1957, na mwaka uliofuata wakaiondoa. Katika jitihada zote hizo sikuona mahali ambapo wazee wa Igembe waliulizwa wao walikuwa wameizuiaje kwa vijana wao kabla ya kuja kwa vibali.

Miaka hiyohiyo, Ulaya na Marekani zilikuwa zinatengeneza vichangamshi vyao vya kidonge. Amfetamini ilikuwa imeundwa mara ya kwanza mwaka 1887 na Lazăr Edeleanu, Mromania aliyekuwa akisoma Berlin, ikakaa bila matumizi miaka arobaini. Mwaka 1937 Charles Bradley, daktari wa hospitali ya watoto wenye matatizo ya akili na tabia huko Rhode Island, aliwapa watoto 30 Benzedrine, ambayo ni amfetamini. Alikuwa anatafuta dawa ya maumivu ya kichwa yaliyowapata baada ya kupigwa picha za ubongo. Maumivu hayakupungua sana, lakini walimu walikuja mbio kumweleza kilichotokea darasani: karibu nusu ya watoto hao walikuwa wamekaa chini wakafanya kazi yao, na wakaipenda. Watoto wenyewe walivipa vidonge hivyo jina, vidonge vya hesabu.

Nikisoma habari ya vidonge vya hesabu humwona jirani yangu na ile hesabu ya nne iliyokatizwa katikati.

Mwaka 1944, Basel, Uswisi, mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba aliunda methilfenideti. Mkewe Marguerite, aliyeitwa Rita nyumbani, aliijaribu akasema inamsaidia akicheza tenisi, na dawa ikaitwa Ritalin kwa jina lake. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 ilikuwa sokoni. Wakati huo amfetamini nayo ilikuwa imekwisha kusambaa kwa njia mbaya. Majeshi ya Vita Kuu ya Pili yaliwagawia askari wake vichangamshi ili wasilale, Wajerumani wakitumia Pervitin na Waingereza Benzedrine, na baada ya vita vikaingia kwa madereva wa malori, wanafunzi na watu waliotaka kupungua unene. Hali yenyewe ya watoto ilibadilishwa jina mara kadhaa. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliiita tatizo la upungufu wa umakini, na mwaka 1987 wakaongeza utundu wa kupindukia, na ndipo zikapatikana herufi ADHD ambazo mzazi wa leo husikia kliniki.

Je, Nyeri ya wakati huo ilipata nini kutoka kwa elimu ya maradhi ya akili? Ilipata jambo ambalo naamini linatugharimu mpaka leo. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya koloni ilikuwa Mathari, Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1910. Kuanzia 1938 iliongozwa na J. C. Carothers, daktari ambaye hakuwa amesomea magonjwa ya akili alipokabidhiwa kazi hiyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimlinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ilimtaka aeleze Mau Mau, na akaandika vita vya watu wa Nyeri, Murang'a na Kiambu vya kudai ardhi yao kana kwamba ni maradhi ya nafsi. Wakati anaandika, Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alikuwa bado msituni Nyandarua, na akina mama wa Tetu walikuwa wanaswagwa kwenye vijiji vyenye mahandaki na miiba.

Daktari wa akili alifika kwetu akiwa mtumishi wa utawala, akatangaza kwamba sote tuna kasoro kichwani. Sehemu ya mbele ya ubongo, ileile aliyodai Waafrika hawaitumii, ndiyo ambayo hukawia kukomaa kwa mtoto mwenye upungufu wa umakini, awe wa Nyeri au wa Basel. Angekuwa ameketi asubuhi moja tu katika darasa la Tumutumu, Nyeri, akawatazama watoto mmoja mmoja, huenda angewaona wawili watatu wa aina ya Still. Nyanya zetu walibaki na neno moja la kuiita hospitali ya Mathari, na neno hilo lilikuwa tusi. Mzazi wa leo anayekataa kumpeleka mwanawe kwa daktari wa akili asije akaitwa mzazi wa kichaa, anabeba mzigo wa historia hiyo hata kama hajawahi kusikia jina la Carothers.

Baada ya uhuru miraa ilipanda daraja. Ikawa shule zilizojengwa Igembe, mabati, karo ya vyuo, magari. Soko lilikuwa Mogadishu na kwa Wasomali na Wayemeni wa London na Amsterdam. Uholanzi ilifunga mlango mwaka 2013. Uingereza ikafuata tarehe 24 Juni 2014, ingawa baraza la wataalamu wa serikali yake lilikuwa limeshauri mwaka mmoja kabla kwamba ushahidi wa madhara hautoshi kuipiga marufuku. Somalia ilisimamisha ndege za miraa Machi 2020 na kuziruhusu tena Julai 2022. Bungeni Nairobi nako, mwaka 2016, sheria ya mazao ilirekebishwa ili miraa itambuliwe kuwa zao rasmi, na kanuni zake zikatolewa mwaka 2023.

Milango ya nje ilipobana, muguka ulikuwa tayari umeshika soko la ndani. Huu ni wa Mbeere, Embu, majani mafupi laini yasiyohitaji kumenywa kijiti, nafuu, yanayouzwa kwa mfuko mdogo. Ndio ulioshinda miji ya mlima. Simama kwenye steji yoyote, iwe Karatina, Nyeri au Embu, saa kumi na moja jioni. Kibanda kimepakwa rangi ya kijani, jina la Muguka limeandikwa kwa mkono. Ndani kuna gunia lililoloweshwa maji, juu yake majani, pembeni karanga na chingamu za kukata uchungu. Makanga anapokea mfuko dirishani gari likiwa linatembea. Nyuma yake ni mwanafunzi wa chuo mwenye mtihani kesho. Nyuma ya huyo, nimemwona kwa macho yangu, kijana aliyevaa sweta ya shule ameigeuza nje ndani ili nembo isionekane. Hakuna aliyemuuliza umri.

Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir wa Mombasa aliupiga muguka marufuku katika kaunti yake, Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Viongozi wa Embu walikwenda Ikulu, Rais William Ruto akasema marufuku hizo hazina nguvu kwa kuwa zinapingana na sheria ya taifa, na mahakama ya Embu ikazisimamisha. Mabishano yalikuwa makali, Pwani ikilia vijana wake, Embu ikilia mkate wake. Zote mbili nazielewa. Lakini katika wiki zile zote niliwasikia wachache mno wakiuliza swali la wazee wa zamani: nani atafune, lini, kiasi gani? Marufuku ya mwaka 1945 ilishindwa. Kuachia kila kitu nako kumetupa kijana mwenye sweta iliyogeuzwa.

Sasa nirudi kwa jirani yangu wa dawati. Aliacha shule darasa la saba, akawa makanga, kisha dereva. Tulikutana miaka mingi baadaye, nikapanda gari lake. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba kwa muguka. Nikamuuliza kwa nini anatafuna, nikidhani ataniambia ni kwa ajili ya usingizi. Aliniambia, "Ndugu yangu, hii ndiyo inanituliza. Nikiwa nayo, kichwa kinaacha kuruka."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Vichangamshi vilevile vinavyomkeshesha mwingine vinaweza kumpa mtu wa aina yake muda wa kushika jambo moja. Hata hivyo, mtu asikimbilie kusema kwamba basi aliyetulizwa na kichangamshi ndiye mgonjwa. Mwaka 1978 Judith Rapoport na wenzake huko Marekani waliwapa amfetamini wavulana wasio na tatizo lolote, nao pia wakatulia na umakini wao ukaongezeka. Dawa haiwezi kutumika kumpima mtu. Upimaji ni kazi ya mwenye kumtazama mtoto nyumbani na shuleni kwa miezi, akahakikisha kwamba si masikio, si macho, si njaa, si kukosa usingizi, si kipigo cha nyumbani.

Na muguka hauwezi kuwa dawa yake. Kidonge cha methilfenideti kina miligramu zinazojulikana, daktari huanza na kidogo, hupima shinikizo la damu, uzito na kimo cha mtoto, huuliza kama anakula na kulala, huipunguza dawa au kuiacha. Jani halina miligramu. La leo asubuhi lina nguvu, la jana halina, kwa hiyo mtu hutafuna tena na tena. Jirani yangu alikuwa halali. Meno yake yalikuwa yamekwisha rangi, moyo ulimwenda mbio hata akiwa ameketi, na siku zingine, alinieleza kwa sauti ya chini, alisikia watu wakimwita wakati hakuna mtu. Alikuwa na miaka karibu arobaini na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia kwamba hali yake ya utotoni ina jina.

Inakadiriwa kwamba duniani, kati ya watoto 100, kama watano wana hali hii. Darasa la watoto 40 pale Othaya au Mukurweini litakuwa nao wawili. Methilfenideti iko chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971, na sawa iwe hivyo, kwa sababu hata yenyewe hutumiwa vibaya. Marekani ina wanafunzi wanaoimeza pamoja na jamii zake kwa ajili ya mitihani, na Oktoba 2022 mamlaka ya dawa ya huko ilitangaza uhaba wa Adderall, dawa ya amfetamini, wagonjwa halisi wakakosa. Shirika la Afya Duniani lilikataa kuiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019 na tena mwaka 2021, likisema ushahidi wa muda mrefu bado hautoshi. Hoja hiyo naiheshimu. Ila wataalamu wa akili ya watoto wengi wako Nairobi, na mzazi wa Nyeri hulazimika kusafiri kilomita 150 hivi kumtafuta mmoja, ilhali kibanda cha kijani kiko mita ishirini kutoka lango la shule.

Tangu mwaka 1984 Kenya ina vituo vya tathmini ya elimu kwa watoto wenye mahitaji maalumu, na wilaya zetu zilivipata. Mzazi wa Nyeri, wa Karatina, wa Nanyuki, wa Embu, wa Meru: kama unaye mtoto anayejua jibu njiani na kulipoteza daftarini, anza hapo. Beba daftari lake lenye hesabu tatu zilizofanywa na ya nne iliyoachwa. Andika kwa majuma kadhaa unachokiona: analalaje, anakulaje, anakatizwa na nini. Omba aketishwe mbele, kazi ikatwe vipande, apewe ruhusa ya kusimama. Ikifika kwenye dawa, iandikwe na daktari na irudiwe kupimwa, na usimpe kidonge cha mtoto wa jirani. Na mwalimu akikwambia kinachomfaa ni kiboko, mjibu kwa adabu kwamba kiboko kilifutwa katika shule za Kenya mwaka 2001.